Watoto Watauliza Juu ya Mawe: Somo Kutoka Mlima Chetambe

Somo la seli za nyumbani, makanisa ya Kitale na Bungoma
Maandiko ya kusoma: Yoshua 4:1–9 na 19–24, Yoshua 22:9–34, 1 Samweli 4:1–11 na 7:5–12, Waebrania 12:22–24



Waisraeli walipovuka Yordani, Mungu alimwambia Yoshua achague watu kumi na wawili, mmoja kwa kila kabila, na kila mmoja abebe jiwe begani kutoka pale katikati ya mto ambapo makuhani walisimama. Mawe hayo yakawekwa Gilgali. Tumelihubiri andiko hili mara nyingi, na karibu kila mara tunakimbilia muujiza wa maji kusimama. Leo nataka tukae kidogo na jambo jingine lililo mle ndani. Mungu hakusema mawe yatasimulia. Alisema watoto watauliza na wazazi watajibu. Jiwe halina mdomo. Ukilisimamisha halafu ukanyamaza, baada ya miaka hamsini ni jiwe la kunolea panga tu. Ukilisimamisha ukaeleza uongo, huo uongo utabaki hapo hata wewe ukishazikwa.

Naandika hivi kwa sababu likizo ya Agosti vijana wa makanisa yetu mawili walipanda Mlima Chetambe, na mimi nilikuwa nao kama mwalimu. Tuliporudi, wazazi wengine waliniuliza, na waliuliza kwa haki kabisa, kwa nini kanisa la kiroho linawapeleka watoto mahali ambapo watu wa dini za mababu wamekuwa wakienda kuomba. Wengine waliuliza kinyume chake: mbona mmechelewa hivyo? Nitajaribu kuwajibu wote wawili. Lakini kwanza historia, kwa maana wengi wetu tunapita Webuye kila mwezi na hatujawahi kuinua macho.

Ukitoka Kitale kupitia Kiminini, Misikhu na Lugulu, ama ukitoka Bungoma kwa barabara kuu ya kwenda Eldoret, utafika Webuye, na milima ya Chetambe iko hapo juu yako. Usitegemee kuona ngome ya mawe kama Fort Jesus ya Mombasa. Ngome ya wazee ilikuwa handaki lililochimbwa kuzunguka boma, na udongo uliotoka ukajengwa kuwa ukuta. Sasa udongo haushindani na mvua ya Bungoma. Kilichobaki ni alama ya lile handaki, vichaka, mawe ya mlima yenyewe, na mashamba ya watu. Kijana mmoja alisimama katikati ya handaki akaniuliza, "Mwalimu, tutafika saa ngapi?" Nikamwambia amefika.

Mwaka 1894 Waingereza waliweka kituo Mumias, kwa Nabongo Mumia, kwenye njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Uganda. Wabukusu, ambao wageni waliwaita Kitosh, walikuwa wamepata bunduki kadhaa, na wakubwa wa Mumias walitaka zirudishwe. Kikosi cha askari wa Kisudani kilichotumwa kuzifuata kilishambuliwa na wengi wao wakauawa. Tafadhali wekeni hilo akilini, nitalirudia. Mwaka 1895 afisa aliyeitwa C. W. Hobley akaja na jeshi la kuadhibu. Humo mlikuwa na askari wa Kisudani, wapiganaji kutoka Buganda, na Waafrika wengine waliojiunga nao. Wazungu wenyewe walikuwa wachache sana. Walipiga kwanza ngome ya Lumboka, kisha wakawafuata waliokimbilia Chetambe. Waliokuwa ndani walikuwa na mikuki, mishale, ngao na bunduki chache. Waliokuwa nje walikuwa na silaha za kisasa. Ngome ikaanguka. Vitabu vinataja zaidi ya watu 100 waliokufa upande wa wenyeji. Ng'ombe wakachukuliwa, na wanawake na watoto wakatekwa.

Hiyo ndiyo vita yenyewe, na kama ni vita tu ningeishia hapo. Lakini yaliyofuata ndiyo yanayotufanya sisi wa Kitale tuwe sisi. Nchi ikaingia mikononi mwa serikali ya kikoloni. Trans Nzoia ikafanywa mashamba ya walowezi, na watoto wa waliopigwa Chetambe wakaenda kuwa vibarua huko. Kuna mzee kanisani kwetu ambaye babake alizaliwa kambini kwenye shamba la mzungu, karibu na hapa tunapoabudu sasa. Ukimuuliza kwao ni wapi, anafikiri kwanza.

Na mlima haukusahauliwa. Mwezi Septemba 1947, Elijah Masinde, yule mchezaji mpira wa zamani kutoka Kimilili aliyeanzisha Dini ya Msambwa, aliwakusanya wafuasi wake maelfu hapo Chetambe kuwakumbuka waliouawa mwaka 1895. Mwaka uliofuata, 1948, polisi waliwapiga risasi wafuasi wake Malakisi na watu wakafa, dini ikapigwa marufuku, na Masinde mwenyewe akafukuziwa Lamu, ambako alikaa miaka mingi. Alifariki mwaka 1987. Siandiki hivi ili tumfuate Masinde. Alikataa habari ya wokovu jinsi tunavyoijua na akataka watu warudi kwa misambwa, yaani roho za mababu. Hapo tunaachana naye bila kusitasita. Lakini jiulizeni: kwa nini maelfu walimfuata mlimani? Ni kwa sababu karibu nusu karne ilikuwa imepita na makanisa ya misheni yalikuwa hayajasema neno juu ya wafu wale. Mtu aliyefiwa atamfuata yeyote anayetaja jina la marehemu wake. Kanisa likinyamaza juu ya kilio, mwingine atakihubiri.

Basi nawajibu wazazi. Je, ni dhambi kwenda? Biblia inakataza kuwaomba wafu, kuwatafuta, kuwatolea sadaka. Kumbukumbu la Torati 18 iko wazi, na hatukwenda kumwaga pombe wala kuita roho ya mtu. Tuliomba kwa jina la Yesu kabla ya kupanda na baada ya kushuka. Lakini kukumbuka si kuabudu. Agano la Kale limejaa mawe. Yakobo alisimamisha jiwe Betheli, akasimamisha nguzo kwenye kaburi la Raheli. Samweli alisimamisha jiwe. Mungu hakukasirika. Alichokasirikia ni jiwe la namna nyingine. Sauli, baada ya vita na Amaleki, alikwenda Karmeli akajisimamishia nguzo yake mwenyewe, na Samweli akamletea habari kwamba ufalme umeondoka kwake. Absalomu naye alijijengea nguzo kwa sababu hakuwa na mtoto wa kulitaja jina lake. Unaona tofauti? Jiwe la Gilgali linasema Bwana alifanya nini. Jiwe la Sauli linasema Sauli alifanya nini.

Sasa niwaambie kilichotokea juu, kwa maana somo halikwenda kama nilivyolipanga kwenye daftari.

Kijana mmoja kutoka Bungoma alianza kuwaeleza wenzake kwamba hapa ndipo Wabukusu walipigana kiume. Alieleza vizuri, ana kipawa. Kabla hajamaliza, kijana wa Webuye, ambaye ni Mtachoni, akamkata: "Ngoja. Huyo Chetambe mwenyewe ni wetu. Hii ngome ni yetu, nyinyi mlikuja kujificha." Wa kwanza akajibu kwamba waliokufa wengi walikuwa Wabukusu, kwa hivyo mlima ni wa waliomwaga damu. Wa tatu akamgeukia binti ambaye kwao ni upande wa Mumias akamwambia, kwa mzaha, "Na nyinyi ndio mlikuwa mnawaonyesha wazungu njia." Watu wakacheka. Yule binti hakucheka. Ilikuwa dakika kumi tu tangu tumalize kuimba pambio la upendo, mikono juu.

Sikuwakemea. Niliwaambia waketi kwenye nyasi, wafungue Yoshua 22.

Andiko hili halihubiriwi sana, na ni hasara. Vita vimekwisha, kabila la Reubeni, la Gadi na nusu ya Manase wanarudi kwao ng'ambo ya Yordani. Wakifika mtoni wanajenga madhabahu kubwa ya kuonekana mbali. Habari zinafika kwa wenzao: hawa wameasi, wamejenga madhabahu yao! Israeli yote inakusanyika Shilo kwenda kupigana. Angalieni vizuri, hawa ni ndugu waliopigana bega kwa bega miaka mingi. Rundo la mawe limetosha kuwatoa panga. Lakini kabla ya vita wanafanya jambo moja la busara. Wanamtuma Finehasi kuhani pamoja na wakuu kumi, mmoja kwa kila kabila, waende kuuliza. Na jibu linakuwa kinyume kabisa cha walichodhania. Wale wa ng'ambo hawakujenga ili watoe sadaka huko. Walijenga kwa hofu. Waliogopa kwamba siku moja watoto wa upande huu watawaambia watoto wa upande ule: nyinyi hamna sehemu katika Bwana, mto umetutenga. Wakajenga shahidi, kwamba sisi ni watu wamoja.

Kwa hiyo jiwe lilelile, upande mmoja uliliona ni uasi, upande wa pili ulikuwa unalia usisahauliwe. Tofauti ya vita na amani ilikuwa safari ya Finehasi. Na mjue huyu Finehasi hakuwa mtu mlegevu. Someni Hesabu 25 mwone alivyotumia mkuki. Mtu wa mkuki ndiye aliyetumwa kuuliza swali, akasikiliza hadi mwisho, akaridhika, akarudi nyumbani bila kupigana. Kwangu mimi huo ni muujiza kuliko ule wa mkuki.

Nikawaambia vijana: nyinyi watatu mmetoa majibu ambayo hakuna aliyeyauliza. Kila mmoja amwulize mwenzake swali moja, kisha anyamaze. Ilichukua muda. Yule wa Bungoma alimwuliza Mtachoni, "Kwenu mnasimulia nini juu ya Chetambe?" na tukasikia mambo ambayo wengine hawakuwahi kuyasikia. Na binti wa Mumias, alipoulizwa, alisema nyumbani kwao hawazungumzi habari hiyo kabisa. Nyanyake akiisikia redioni huzima redio. Hilo nalo ni jibu.

Niliwaambia nitarudia habari ya askari wa Kisudani. Hao nao walikufa, karibu mwaka mmoja kabla ya Chetambe. Wengi wa askari wa namna hiyo walikuwa wametolewa mbali sana, kutoka Sudan, wengine waliingizwa jeshini wakiwa watumwa, wakafia nchi ambayo hata lugha yake hawakuijua. Hakuna anayepanda mlima kwa ajili yao. Tuliwataja kwenye maombi. Kijana mmoja alilalamika, "Mwalimu, hao si ndio maadui?" Nikamuuliza kama Bwana alitupa nafasi ya kuchagua ni damu gani ya kusikia. Mwanzo 4 inasema damu ya Habili ililia kutoka ardhini. Haisemi ililia kwa Kibukusu.

Huko Uingereza, mpakani na Scotland, kuna msalaba wa jiwe mahali panapoitwa Flodden. Mwaka 1513 mfalme wa Scotland, James wa Nne, aliuawa pale pamoja na maelfu ya watu wake na masharifu wengi wa nchi. Kwa Waskoti ilikuwa kama Chetambe mara mia. Msalaba wenyewe ulisimamishwa mwaka 1910, karibu miaka 400 baadaye, upande wa washindi. Wangeweza kuandika walivyoshinda. Maandishi yake ni machache mno: jina la vita, mwaka, na kwamba ni kwa heshima ya mashujaa wa mataifa yote mawili. Basi. Hakuna aliyeandikwa kuwa mshindi. Napenda kuufikiria msalaba huo, ingawa naona ni rahisi kuandika hivyo miaka 400 ikishapita, wakati hakuna mjane hata mmoja aliye hai. Kwetu wajane wako hai.

Na hapa ndipo nafika kwenye jambo ambalo lilinitoa usingizini.

Tulipokuwa tukijiandaa kushuka, dada mmoja wa kanisa la Kitale, Msabaoti ambaye kwao ni Mlima Elgon, alisema polepole, kama anayejisemea: "Nyinyi mna bahati. Vita yenu ina mlima. Sisi hatuna hata jiwe." Tukanyamaza. Mnajua anachosema. Kati ya 2006 na 2008 Mlima Elgon uliwaka kwa sababu ya mashamba. Mamia ya watu walikufa, maelfu wakakimbia, na wengine hawajulikani walipo hadi leo. Mjombake alichukuliwa usiku mwaka 2008 na hakurudi. Katika kundi lile lile letu alikuwepo kijana ambaye familia yake, Wabukusu, ilihama mlimani baada ya nyumba yao kuchomwa kwenye fujo za 1992, kabla yeye hajazaliwa. Wote wawili wanaimba kwaya moja. Mmoja sauti ya kwanza, mwingine besi. Miaka miwili wameimba pamoja, na hakuna aliyejua habari ya mwenzake.

Wapendwa, ni rahisi kuhubiri juu ya 1895. Waliopigana wote wamekufa. Lakini waliochoma na waliochomewa, walionyang'anya na walionyang'anywa, wanakaa kwenye viti vya kanisa hili, na wengine wanapokea meza ya Bwana kwa zamu moja. Tunasalimiana "mulembe", neno ambalo maana yake ni amani, halafu jioni tunawaambia watoto wasichukue chakula kwa watu fulani. Mtoto hahitaji jiwe ili ajue chuki ya babake. Anaisikia mezani.

Nikalipeleka jambo hili kwa wachungaji wetu. Wakaamua kufanya kama Israeli walivyofanya kwa Finehasi, kutuma watu wakaulize. Tukaenda watatu kwa nyanya ya yule dada: mimi, mama mmoja wa Idara ya Kina Mama, na mzee mmoja wa kanisa, Mbukusu, ambaye ndiye babu wa yule kijana wa besi. Nyumba iliyochomwa 1992 ilikuwa yake. Alikubali kwenda baada ya siku tatu za kukataa. Sitamlaumu hata mtu aliyekataa miezi mitatu.

Tulikaribishwa. Tukaomba. Chai ikaja. Mzee akasema, bila utangulizi, kwamba aliwahi kuwa na nyumba upande ule wa mlima na ilichomwa.

Nyanya akauliza, "Uliwaona waliochoma?"

"Sikuwaona nyuso, mama. Niliwasikia wakiongea."

"Waliongea lugha yangu."

"Ndiyo, mama. Lugha yako."

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Kisha nyanya akainuka mwenyewe, hali mjukuu alikuwa hapo, akaongeza chai kwenye kikombe cha mzee. Akaketi. Akasema, "Pole, baba." Hakusema zaidi, na mzee hakudai zaidi. Halafu mzee akauliza swali tulilokuja nalo: "Na mwanao, mama, alikuwa mtu wa namna gani?" Hakuuliza alikuwa upande gani. Kwa swali hilo nyanya alizungumza karibu saa mbili. Alivyopenda ng'ombe. Alivyokuwa na mzaha. Shati alilokuwa amevaa usiku ule.

Mimi, kama kawaida ya walimu, nilikuwa na suluhisho mfukoni. Nilimwambia kanisa lingependa kuweka jiwe lenye jina la mwanawe, mahali atakapochagua. Alinitazama kwa huruma. "Mwalimu, jiwe ni la mtu aliyekufa. Mimi sijaambiwa kama wangu amekufa. Ukiniwekea jiwe umenizikia mtoto bila mwili." Akasema anachotaka ni jambo jingine: watu waendelee kuuliza. Aulizwe kwa jina, kanisani, hadi jibu lipatikane ama Yesu arudi.

Hapo nikaielewa Yoshua 4 upya. Swali linaweza kuwako hata pale ambapo jiwe haliwezi kuwekwa bado. Kwa desturi ya Wabukusu, mzee akizikwa, msemaji wa kumuse husimama siku za baadaye mbele ya watu akasimulia historia ya jamii, akaonya, akapatanisha. Sisi walokole tumeiacha mila hiyo kwa sababu ya mambo mengine yanayoambatana nayo, na sababu zetu zina uzito. Lakini tuliweka nini mahali pake? Mtu akizikwa, tunamaliza kwa wimbo, sahani ya wali, na tenti kukunjwa. Aliyepotea hata tenti hapati. Kwenye jamii nyingi za hapa magharibi, na kwa majirani zetu Wakalenjin, vita kubwa ilipokwisha wazee walikata mbwa vipande viwili, pande zote zikaapa. Nakumbuka Mwanzo 15 kila nikisikia hilo, wale wanyama wa Ibrahimu waliokatwa na moto wa Mungu ukipita katikati. Wazee hawakuwa na Injili, lakini walijua jambo hili: damu iliyomwagika haikauki kwa watu kunyamaza. Inahitaji agano. Na Waebrania 12 inatuambia tumekuja kwa damu ya kunyunyizwa, damu ya Yesu, inayonena mema kuliko ile ya Habili. Damu ya Habili ililia itendewe haki. Damu ya Yesu inanena rehema. Lakini angalieni, haiinyamazishi ile ya kwanza kwa kuizimia redio. Mungu alimwuliza Kaini yuko wapi ndugu yako, na swali hilo hakulifuta Kalvari. Alilibeba.

Jambo la mwisho ni Ebenezeri. Wengi wenu mna duka, matatu au mtoto mwenye jina hilo, na tunalipenda kwa sababu tunalisoma 1 Samweli 7, ushindi juu ya Wafilisti na jiwe la Samweli. Lakini fungueni sura ya 4. Jina hilohilo liko pale, Israeli walipiga kambi Ebenezeri, wakapigwa, watu elfu thelathini wakaanguka, sanduku la agano likatekwa, wana wa Eli wakafa, na mzee Eli akaanguka kitini akavunjika shingo. Samweli hakutafuta jina jipya, safi, lisilo na kilio. Alilichukua jina la siku ya aibu akaliweka juu ya jiwe la msaada. Na kabla ya jiwe kulikuwa na Mispa: watu walifunga, wakamwaga maji mbele za Bwana, wakaungama. Sisi tungependa kuruka Mispa tufike kwenye jiwe, tupige picha.

Tangu Jumapili ya pili ya Septemba, katika ibada ya kwanza kanisa la Kitale, jina la yule ndugu husomwa katika maombi ya kanisa, pamoja na majina mengine manne ambayo familia zimeleta baada ya kusikia. Hayasomwi kama wafu wala kama walio hai. Yanasomwa kama watu tunaowauliza kwa Mungu. Majina mawili ni ya Wasabaoti, mawili ya Wabukusu, moja la familia ya Kikuyu iliyotoka upande wa mlima. Ukitaka jina liongezwe, mwone katibu wa kanisa faraghani. Huhitaji kueleza nani alifanya nini. Kanisa la Bungoma litaanza mwezi ujao.

Viongozi wa seli, wiki hii msisome andiko lote la Yoshua 22 kwa haraka. Mtu mmoja asome hadi mstari wa 12, mfunge Biblia, mwulize watu wangefanya nini. Kisha mwendelee. Baadaye kila mmoja aeleze kisa kimoja cha vita ama fujo alichosimuliwa utotoni nyumbani kwao, na aseme ni nani aliyekosekana kwenye kisa hicho, ni upande gani ambao hakuwahi kusikia ukisema. Ikiwa seli yenu ni ya kabila moja tupu, na zipo kama hizo, zungumzeni na seli jirani mkutane Jumatano ya tarehe ya mwisho wa mwezi. Kina mama wa Kiminini na wa Webuye tayari wamepanga. Watakutana Webuye saa nane mchana, na kila mtu aje na chakula cha kutosha watu wawili.

Yule mzee na yule nyanya wameomba wawe kundi moja.